Mita Moja ya Mraba

Saa nane mchana, uwanja huu wa Temeke bado ni vumbi na jua tupu. Tamasha ni saa moja usiku, lakini Mzee msimamizi wa usalama yuko kazini tangu asubuhi. Ameanzia watakakotokea watu. Anasukuma geti moja moja mpaka lifunguke lote kwa nje, anatoa kufuli na kuitia mfukoni, kisha anapima upana kwa hatua zake.

Sasa anachukua chokaa. Anachora mraba, mita moja kila upande, na kuwaita vijana wake. Wawili wanasimama ndani wakigeuka wapendavyo. Wanne, mabega yanagusana. "Ongezeni, wanangu." Wanapofika saba, kicheko kimekwisha. "Hebu jishike pua," anamwambia wa katikati. Mkono haupandi.

Hapo ndipo anapowaeleza. Umati uliobanana hivyo hautembei tena kwa miguu yake, unapelekwa kama maji, na wengi wanaokufa humo hufa wamesimama, kifua kimekosa nafasi ya kupanuka. Mfano hauko mbali. Machi 2021, katika Uwanja wa Uhuru, hapahapa Temeke, watu 45 walikufa kwenye msongamano wa kumuaga Rais Magufuli. Vijana wanatoka kwenye mraba kimya.

Mbele ya jukwaa vinapangwa vizuizi vya chuma. Kila kimoja kina bamba pana chini, upande wa watazamaji: anayekisukuma atakuwa amelikanyaga, na uzito wake mwenyewe utakizuia kisianguke. Mzee anapapasa kila kiungo, anakaza boliti, anaegemeza kifua na kusukuma. Kimoja kinacheza. Anakifungua, anasawazisha udongo kwa jembe, anakifunga upya, anasukuma tena.

Usiku muziki unapopamba moto, yeye amelipa jukwaa mgongo. Macho yako kwenye vichwa. Vinavyorukaruka, kila kimoja kwa wakati wake, havimtishi. Anachokichungulia ni vichwa kuyumba pamoja, upande mmoja, bila wenyewe kutaka. Saa tatu na robo vinayumba. Anazungusha tochi mara mbili, na mshereheshaji, kama walivyopatana mchana, anasimamisha wimbo.

Mzee anapokea kipaza sauti. Wa mbele hawaambii kitu, maana hawana pa kwenda, na wa nyuma hawajui kinachowapata wenzao. "Ndugu zangu wa nyuma kabisa, naomba hatua tatu nyuma. Taratibu." Anarudia mara ya pili, mara ya tatu, kwa upole uleule. Mistari ya nyuma inalegea, kisha ya katikati, na mwishowe, pale kwenye chuma, msichana mwenye kilemba cha njano anainua mkono na kujifuta uso.

Mzee anauona mkono ule. Anarudisha kipaza sauti, na muziki unaendelea.

Kufuli zimo mfukoni mwake hadi mtu wa mwisho atoke.