Mama Utumishi na Swali la "Halafu?"

Barua za maombi Mama Utumishi alizisoma nyumbani, usiku, penseli mkononi. Asubuhi ya usaili alifika nazo kiwandani zikiwa zimepigiwa mstari kwenye maneno machache tu: jina la ghala fulani, mwaka ambao mtu aliacha kazi, sentensi ambayo mwombaji alianza kuikata kisha akaiacha. Kiwanda kilikuwa Tanga, miaka ya tisini mwanzoni. Yeye ndiye aliyekuwa ofisa utumishi, na wafanyakazi wote, hata waliomzidi umri, walimwita hivyo hivyo, Mama Utumishi. Mimi nilikuwa karani wa masjala, na kazi yangu ndani ya chumba kile ilikuwa kuandika kumbukumbu za jopo. Tangu hapo nimekaa kwenye meza nyingi za usaili. Sijaona tena mtu wa kumsaili mwenzake kwa ufundi ule.

Ufundi wenyewe ulianza kabla mwombaji hajapanda basi. Nafasi ikiwa wazi, alishuka ghalani au karakana, akasimama na wanaoifanya kazi hiyo, akasikiliza kinachowasumbua. Akitafutwa mtunza ghala, alitaka kujua mali inapotelea wapi: kwenye kupokea, kwenye kutoa, au kwenye leja. Maswali yake yalizaliwa huko. Kisha aliwaketisha wanajopo wakubaliane mapema wanatafuta nini, na kila jambo lina alama ngapi. Aliyekuja bila kusoma barua aliombwa kwa upole asubiri wenzake wamalize kuuliza kwanza. Meneja mmoja aliombwa hivyo mbele yetu. Usaili uliofuata alikuja amesoma.

Mwombaji hakuitwa na mlinzi. Mama Utumishi alitoka mwenyewe mpaka kwenye benchi. "Karibu, mwanangu. Umetoka mbali?" Aliyeondoka Lushoto kwa gari la alfajiri alipewa maji kwanza, akaachwa apumue. Wengine waliuona ule kuwa ulaini wa kimama. Mimi niliyekuwa naandika niliona matokeo yake: waliotulia walisimulia kazi zao, na kazi zao ndizo tulizozitaka.

Kulikuwa na swali moja ambalo ningelitambua hata leo gizani. Nalikumbuka hasa siku alipokuja kijana mmoja kuomba utunzaji wa ghala, shati lake limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, sauti haitoki.

"Nisimulie siku ambayo mali ya ghalani haikulingana na leja," Mama Utumishi alimwambia.

"Nilitoa taarifa kwa mkuu wangu wa kazi."

"Halafu?"

"Tukahesabu upya, mama."

"Mlihesabu nani na nani?"

"Mimi na mlinzi."

"Kwa nini mlinzi?"

Kijana akanyamaza, na Mama Utumishi naye akanyamaza. Meneja alitaka kumsaidia kijana kwa kumpa jibu, lakini mama akainua penseli kidogo tu, meneja akarudi nyuma kwenye kiti. Ukimya ule ulikuwa mrefu. Mwishowe kijana akasema kwamba funguo zilikuwa zake, hivyo mtu wa kwanza kushukiwa alikuwa yeye. Hakutaka kuhesabu peke yake, akamchukua mtu ambaye hakuwa na urafiki naye. Wakagundua kwamba kuna mzigo ulitolewa usiku kwa amri ya mdomo, bila hati. "Halafu?" Tangu siku ile, akasema, alikataa kutoa mali bila hati, hata mkuu wake alipomkasirikia. Hilo la kumkatalia mkuu halikuwa kwenye barua yake. Wala asingelisema kama angeulizwa iwapo yeye ni mwaminifu, kwa kuwa swali hilo kila mtu hulijibu ndiyo.

Alipotoka, chumba kilikaa kimya. Hiyo ilikuwa sheria: hakuna kusema "huyu nimempenda" kabla kila mmoja hajaandika alama zake, kipengele kwa kipengele, akiwa ameinamia karatasi yake. Chini kabisa paliachwa nafasi moja ya maoni ya jumla, na ilijazwa mwisho.

Miaka mingi baadaye nilisoma kitabu cha Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, nikakutana humo na utaratibu wa chumba chetu cha Tanga. Mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 21 katika jeshi la Israeli, alipewa kazi ya kurekebisha usaili wa askari wapya. Wasaili walizoea kuzungumza na kijana huku na huku, kisha kukadiria moyoni kama atafaa. Kahneman akachagua sifa sita, akawataka waulize mambo ambayo kijana ameshayafanya, na waipe sifa moja alama kabla ya kwenda kwenye nyingine. Wasaili walilalamika kwamba wanageuzwa roboti. Akawakubalia jambo moja: mkimaliza yote, fumbeni macho, mfikirieni kijana huyo jeshini, mumpe alama moja hadi tano. Makadirio hayo ya mwisho nayo yalikuja kuonekana ya maana, kwa sababu yalitanguliwa na kazi ngumu ya kusikiliza. Mama Utumishi hakuwa amekisoma kitabu hicho, kilichotoka mwaka 2011. Aliyajua hayo kwa kuajiri watu na kuishi nao.

Mwaka huo huo wa 2011, Kenya ilifungua mlango ambao kwetu umezoeleka kufungwa. Tume ya Utumishi wa Mahakama iliwasaili wanaotaka ujaji mkuu mbele ya macho ya wananchi. Willy Mutunga aliulizwa habari za kipini cha sikioni, akajibu kwamba hatakivua hata kama atakikosa cheo. Na cheo akakipata. Swali hilo Mama Utumishi angelifuta kwa penseli. Lakini mwaka 2021, katika usaili uliomfikisha Martha Koome kuwa mwanamke wa kwanza katika kiti hicho, ungeweza kuona kwa macho nani kati ya wanaouliza amesoma hukumu za anayeulizwa na nani hakusoma. Natamani kila jopo lingeonekana hivyo.

Kwa sababu majopo mengi yangeaibika. Juni 2014, Uwanja wa Taifa pale Dar es Salaam, watu zaidi ya 10,000 walikaa kwenye majukwaa wakiandika mtihani wa usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Najua wingi wa watu unataka mchujo, na siulaumu mtihani wa maandishi. Ninachokilalamikia ni kwamba hata wanaobaki wachache, wakiingia chumbani, wanawakuta watu watano wenye simu juu ya meza na faili lisilofunguliwa. "Jieleze." "Udhaifu wako ni upi?" Mwombaji ameshayakuta maswali hayo na majibu yake kwenye kundi la WhatsApp, anayatiririsha, jopo linatikisa kichwa. Hakuna aliyemdanganya mwenzake, na hakuna aliyemjua mwenzake. Vijana wanaambiwa wajiandae, nao wanajiandaa kwa kukariri, kwani hawajawahi kuketi mbele ya mtu aliyewauliza "halafu?" na akataka kweli kusikia.

Mama Utumishi alifanya jambo jingine ambalo sasa limefutika kabisa. Kila aliyekosa nafasi aliandikiwa barua, nami ndiye niliyezipiga chapa. Hazikuwa ndefu. Zilimshukuru kwa safari, zikamweleza kwamba nafasi imejazwa, na mara nyingi kulikuwa na mstari mmoja wa kumfaa: ajifunze kufunga hesabu za mwezi, au aombe tena mwakani akiwa na cheti. Watu walirudi kweli, na baadhi yao waliajiriwa. Leo binti anasafiri kutoka Kigoma hadi Dodoma kwa nauli ya kukopa, anasailiwa dakika kumi, na hapati tena neno. Miezi inapita, naye anaogopa kubadili namba ya simu.