Dainamo ya Baiskeli ndiyo ya Kuanza Nayo

Juni 2007, kwenye mkutano wa TED uliofanyika Arusha, kijana wa Malawi wa miaka 19, William Kamkwamba, alipanda jukwaani kueleza jinsi alivyofua umeme wa upepo kijijini kwao. Watu wengi wanakumbuka mnara na mapanga. Mimi naona kazi yote ilibebwa na kifaa kidogo alichokifunga kule juu: dainamo ya baiskeli. Kijana wa Tumati, wilayani Mbulu, anayetaka kufanya majaribio ya umeme kwa nguvu ya mkono aanze kwa kuuchambua uamuzi huo.

Vyuma vya kuchagua vipo, iwe mnadani Katesh, kwa fundi redio Haydom au kwenye gereji yoyote ya Mbulu. Tatizo ni kwamba wengi huangalia wati zilizoandikwa ubavuni. La kuangalia kwanza ni mwendo. Mkono wa mtu huzungusha bila taabu mara 60 hivi kwa dakika, na mashine nyingi za umeme hazifanyi lolote la maana kwa mwendo huo.

Altaneta ya gari inavutia kwa ukubwa wake. Iache. Haina sumaku ya kudumu, kwa hiyo inadai umeme wa betri kwanza ndipo nayo itoe wake, na hata ikishapewa haianzi kuchaji mpaka izunguke zaidi ya mara 1,000 kwa dakika. Mota ya redio kaseti ina sumaku ya kudumu na ni rahisi kupatikana, lakini nyingi zina kisakiti ndani cha kudhibiti mwendo wa kanda, nacho huvuruga umeme unaotoka. Itabidi ufungue mgongo wake, ukitoe, kisha uunganishe nyaya moja kwa moja kwenye brashi.

Mshindani wa kweli ni mota ya hatua inayotolewa kwenye printa mbovu za steshenari. Nyingi zina hatua 200 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo hata ukizungusha polepole taa ndogo ya LED inamulika. Udhaifu wake ni ampea chache, na koili zake mbili kila moja inataka dayodi zake nne.

Sasa tuipigie hesabu dainamo. Ile ya kawaida yenye umbo la chupa ni ya volti 6, wati 3, na hufikia hapo baiskeli ikienda kama kilomita 15 kwa saa. Kwa mwendo huo kichwa chake, chenye upana wa sentimita 2 hivi, kinazunguka karibu mara 4,000 kwa dakika. Hakuna mkono unaoweza hayo. Lakini geuza baiskeli kichwa chini, zungusha pedali kwa mkono mara 50 tu kwa dakika: mnyororo unazidisha mwendo zaidi ya mara mbili, kisha tairi kubwa likisugua kichwa kile kidogo linauzidisha tena zaidi ya mara 30. Gia uliyoihitaji ulikuwa nayo tangu mwanzo, na hujachonga hata chuma kimoja.

Kamkwamba naye aliijaribu dainamo hivyo hivyo kabla ya mnara. Alipounganisha nyaya mahali pa betri za redio, kimya. Alipozihamishia kwenye tundu la redio la kupokea umeme wa ukutani, ikaimba. Sababu ni kwamba dainamo hutoa mkondo geu, na betri ni mkondo mnyoofu. Dayodi nne, kapasita na kidhibiti cha volti 5 zinalimaliza hilo. Usikiruke kidhibiti: dainamo isiyo na mzigo ikienda kasi inaweza kupita volti 20.

Wauzaji hupenda kuahidi kuchaji simu. Kitochi chenye betri ya mAh 1,000 kinahifadhi takriban wati-saa 3.7. Ukipeleka wati 2 kwenye betri, utazungusha karibu saa mbili. Simu janja ya mAh 5,000 itakudai zaidi ya saa tisa. Kazi hiyo iachie sola, ambayo kwa kuwasha nyumba ni bora mno. Thamani ya dainamo ni kwamba mkono unaisikia fizikia: washa taa moja, pedali inakuwa nzito kidogo, ongeza ya pili, inazidi kuwa nzito. Mwanafunzi wa kidato cha nne aliyeuhisi uzito huo hatahitaji kukariri kwamba umeme haupatikani bure.

Unaponunua iliyotumika, zungusha kichwa kwa vidole. Usikie sumaku ikishika na kuachia. Kisha unganisha ncha ya umeme na mwili wa dainamo kwa kipande cha waya, uzungushe tena. Kwa dainamo hii haina madhara. Koili ikiwa nzima, kichwa kitakuwa kizito na kitasimama mapema. Ukiona hakuna tofauti yoyote, koili imekatika, mrudishie mwenyewe.