Kuzitengeneza Upya Filamu Kongwe za Kauboi: Mfano wa "True Grit"

Kila inapotangazwa kuwa filamu fulani kongwe ya kauboi inatengenezwa upya, mjadala ule ule huzuka. Wako wanaoshikilia kuwa kazi iliyokwisha kukubalika na vizazi haiguswi, na kwamba anayeigusa hana lake ila tamaa ya fedha. Wako pia wanaodai kuwa hadhira ya leo haiwezi tena kuvumilia mwendo wa polepole wa filamu hizo, wala dharau zilizowaonyesha wenyeji asili wa Marekani, na kwa hiyo lazima zitengenezwe upya ziwafae watu wa sasa. Rai hizi mbili, ingawa zinapingana, zimejengwa juu ya msingi mmoja usio imara. Zote zinaichukua filamu ya kwanza kuwa ndiyo asili. Kwa hakika nyingi za filamu hizo zilitokana na riwaya, na hadithi fupi za magazetini, na nyingine na filamu za mataifa ya mbali. Filamu ya kwanza, basi, ni tafsiri tu iliyotangulia, na swali linalofaa kuulizwa ni hili: tafsiri hiyo iliacha nini?

Kwa wanaoshughulika na lugha, jambo hili si geni. Mwalimu Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, "Julius Caezar", mwaka 1963, kisha akaipitia na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la "Juliasi Kaizari". Aliyesahihishwa hapo hakuwa Shakespeare bali mfasiri, na mfasiri mwenyewe ndiye aliyejisahihisha. Tamthilia ilibaki pale pale, ikimngoja yeyote mwingine atakayeona kuwa bado kuna neno halijafika.

Mfano ulio bora kabisa katika uwanja wa filamu za kauboi ni "True Grit". Riwaya ya Charles Portis yenye jina hilo ilitoka mwaka 1968. Msimulizi wake ni Mattie Ross, mwanamke mzee asiyeolewa, mkali wa dini na mkali zaidi wa hesabu za fedha, anayekumbuka safari aliyoifunga akiwa na umri wa miaka 14. Baba yake aliuawa mjini Fort Smith, Arkansas, na mtumishi wake Tom Chaney, ambaye alitorokea katika eneo la wenyeji asili ambalo leo limo katika jimbo la Oklahoma. Msichana akamwajiri Rooster Cogburn, askari wa mahakama ya shirikisho, mlevi mwenye jicho moja, amsake muuaji. LaBoeuf, askari wa doria kutoka Texas, akajiunga nao kwa sababu zake mwenyewe. Mtiririko wa visa ni wa kawaida. Kisicho cha kawaida ni ulimi wa msimulizi. Mattie husema maneno kamili yasiyokatwa, katika sentensi zilizonyooka kama za hati ya mahakama, na hana mzaha hata pale anapomchekesha msomaji. Kichekesho na huzuni ya riwaya hii hutoka katika umbali ulioko baina ya ulimi huo mkavu na damu unayoisimulia. Ukiuondoa, kinachobaki ni msako wa mhalifu, na misako ya wahalifu ni mingi.

Filamu ya kwanza, iliyoelekezwa na Henry Hathaway, ilitoka mwaka 1969. Haikuuondoa ulimi huo kabisa, maana mazungumzo mengi yalichukuliwa kitabuni jinsi yalivyo. Ilichoondoa ni haki ya kusimulia. Hakuna tena mwanamke mzee anayekumbuka. Kamera inatazama kutoka nje, na inachokitazama zaidi ni John Wayne, ambaye kwa uhusika huo alipata Oscar ya pekee ya uigizaji maishani mwake. Mattie aliigizwa na Kim Darby, aliyekuwa amekwisha kupita miaka 20. Hadithi ya Arkansas ikapelekwa kwenye milima ya Colorado yenye theluji vileleni. LaBoeuf, ambaye kitabuni anapona, akauawa. Mkono wa Mattie ulioumwa na nyoka, ambao kitabuni unakatwa, ukaonekana mwishoni umefungwa kitambaa tu. Haifai kusemwa kuwa filamu hii ni mbovu. Tendo la Wayne kuwakabili wapanda farasi wanne peke yake, hatamu akiziuma kwa meno, lina mvuto ambao miaka haijaupunguza. Lakini hadithi iliyokuwa mali ya msichana ilikuwa imekwisha kuwa ya mzee.

Joel na Ethan Coen waliirudia mwaka 2010, na walianzia kitabuni. Sauti ya kwanza kusikika ni ya Mattie mtu mzima, kabla hajaonekana mtu yeyote aliye hai. Mwigizaji wake, Hailee Steinfeld, alikuwa na umri wa miaka 13 filamu ilipopigwa, na udogo huo unaleta maana. Chukua tukio la msichana kudai fedha za marehemu baba yake kwa mfanyabiashara wa farasi, Stonehill. Mtoto anamshinda mtu mzima kwa hoja, kwa sheria, na kwa kulitaja tena na tena jina la wakili wake. Tukio hili limo katika filamu zote mbili, lakini katika ile ya 2010 lina uzito wa vita, kwa kuwa mtazamaji anajua tayari kuwa kinywa hicho ndicho chenye hadithi. Mkono nao unakatwa. Muziki wa Carter Burwell umejengwa juu ya wimbo wa kanisani unaohusu kuegemea mikono ya Mungu, na mwishoni, mwanamke wa mkono mmoja anapotokea, wimbo huo unageuka maana bila mtu kutamka neno. (Filamu hii iliteuliwa kuwania tuzo kumi za Oscar isipate hata moja. Steinfeld, aliyemo katika karibu kila tukio, aliteuliwa katika kundi la waigizaji wasaidizi. Yaelekea hata waliomsifu hawakuwa wamesikia hadithi ni ya nani.)

Hata hivyo, ubora wa kazi hii hautokani na uaminifu kwa kitabu peke yake. Katika riwaya, watu watatu wananyongwa hadharani mjini Fort Smith, na wote watatu wanapewa nafasi ya kusema, akiwemo mwenyeji asili mmoja ambaye anasema ametubu. Katika filamu ya ndugu Coen, wazungu wawili wanasema mpaka wanatosheka. Yule wa tatu anafungua kinywa tu, akafunikwa kichwa kwa mfuko, na mlango wa chini ukafunguka. Ni jambo la sekunde chache. Mshikilia kitabu ataliita kosa, lakini hapo ndipo wale wanaozungumzia haki za hadhira ya leo wangepaswa kutazama kwa makini, kwa sababu dhuluma imeonyeshwa bila hotuba. Dosari ni kwamba filamu haikuendelea na ilichokianza: wahusika wanasafiri ndani ya nchi ya Wachoctaw, na wenye nchi karibu hawana la kusema.

Upande wa pili wa suala unaonekana katika "The Magnificent Seven". Akira Kurosawa alitoa filamu yake ya samurai saba mwaka 1954, ambamo wakulima maskini wanawaajiri wapiganaji kwa ujira wa chakula. John Sturges aliihamishia Mexico mwaka 1960, na ujira ukawa dola 20 kwa majuma sita. Kijana wa Kimexico miongoni mwa wale saba aliigizwa na Mjerumani, Horst Buchholz. Antoine Fuqua alipoitengeneza upya mwaka 2016, alimweka Denzel Washington kuwa kiongozi, na katika kundi lake wakawamo Mcomanche, Mmexico na mtu wa Asia ya Mashariki. Yaonekana dawa yenyewe ndiyo hii. Lakini mtu mweusi mwenye bunduki anaingia katika mji wa wazungu mwaka 1879, na rangi yake inapitwa kama vumbi la barabarani. Baya zaidi ni kwamba mwishoni inafichuliwa kuwa kiongozi huyo alikuwa na kisasi cha jamaa zake. Swali lililozibeba filamu mbili za awali, yaani kwa nini mtu afe kwa ajili ya wasio ndugu zake, kwa sahani ya wali au dola 20, linazikwa hapo hapo. Nyuso zimeongezeka na fikra imepungua.

Aidha, wanaosema habari za "hadhira ya kisasa" huizungumzia kama chombo kinachongoja kujazwa. Mjini Léopoldville, ambao sasa ni Kinshasa, katika miaka ya 1950, vijana waliozitazama filamu za kauboi walijiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill, wakajiundia na msimbo wao, Hindubill, ambao msingi wake ulikuwa Kilingala. Hawakungoja Hollywood iwatengenezee upya chochote.

Buffalo Bill huyo alikwisha kuigeuza nchi ya magharibi kuwa maonyesho ya kulipiwa kiingilio wakati walioishi mambo yale wangali hai, na Portis alilijua hilo. Katika sura ya mwisho ya riwaya, robo ya karne baada ya safari yao, Mattie anapanda gari moshi hadi Memphis kumwona Rooster, ambaye sasa ni kivutio katika maonyesho ya aina hiyo pamoja na majambazi wastaafu Cole Younger na Frank James. Anakuta amefariki siku chache zilizopita. Filamu ya 1969 haina sura hii, na ni vigumu kuona ingeiweka wapi, kwa kuwa Wayne mwenyewe alikuwa ndiye maonyesho. Badala yake Mattie anamwonyesha Rooster mahali pa kaburi alipomwekea karibu na jamaa zake, naye anaruka ua wa mbao kwa farasi, akapunga kofia na kwenda zake. Katika filamu ya 2010, Mattie anauchukua mwili kutoka Memphis, anauzika katika makaburi ya kwao, na kamera inamtazama akiondoka peke yake, mkono mmoja wa gauni ukiwa mtupu.