JINA, NJIA NA NENO "KAMILI": Mapitio ya Badiliko Moja katika Kiini cha Linux

Kiini cha Linux ni ile programu ya ndani kabisa inayosimamia kumbukumbu, diski na faili za kompyuta. Kinapofikwa na jambo huandika taarifa fupi, na mara nyingi hulazimika kutaja faili. Kwa kazi hiyo zilianzishwa alama mbili mwaka 2013: %pd, inayopewa ingizo la saraka, na %pD, inayopewa faili iliyofunguliwa. Zote mbili ziliandika jina la mwisho tu au, zikiongezewa tarakimu, majina ya mwisho yasiyozidi 4. Mwaka 2021, kutokana na rai ya Linus Torvalds, lilitolewa pendekezo kwamba %pD iandike njia nzima ya faili kuanzia mzizi.

Haja yake haina ubishi. Katika kompyuta ya ofisi huweza kuwamo faili ishirini zenye jina "bajeti", kila moja katika saraka yake. Karani aambiwaye kwamba "bajeti" haisomeki hajaambiwa kitu, na akikisia huenda akafuta iliyo nzima.

Lakini je, ilifaa kugeuza maana ya alama ya zamani badala ya kuunda mpya? Sisi tunaoshughulika na istilahi twajua hasara ya kulipa maana nyingine neno lililokwisha kuzoeleka. Waraka wa kiini ulieleza kwamba %pD hufanya kazi ile ile ya %pd, ila kwa faili. Pendekezo hili liliivunja jozi hiyo. Hata hivyo hatuna budi kuwatetea waliolitoa. Ingizo la saraka halijui mfumo wake wa faili umepachikwa wapi. Mfumo mmoja waweza kupachikwa mahali pawili, ingizo likabaki moja na njia zikawa mbili. Faili iliyofunguliwa, kinyume chake, hubeba habari za ingizo pamoja na mahali pa kupachikwa. Tofauti, basi, imo katika vitu vyenyewe, nayo alama ilikuwa ikiificha.

Tusilolikubali ni neno "kamili". Taarifa ya kiini yaweza kuandikwa wakati wowote, hata pale ambapo anayeiandika ndiye aliyelishika kufuli linalozuia majina yasibadilishwe. Akilisubiri kufuli hilo, atajisubiri mwenyewe milele na kompyuta itaganda. Kwa sababu hiyo pendekezo lilitaka njia isomwe bila kufuli, na uamuzi huo ni sahihi. Tokeo lake ni kwamba saraka ikibadilishwa jina au kuhamishwa katikati ya usomaji, huenda ikaandikwa njia ambayo haikupata kuwapo hata dakika moja: nusu ya zamani, nusu mpya. Waraka wa %pd ulikuwa umekiri waziwazi kwamba jina laweza kuchanganyika namna hiyo. Kwa majina mawili matatu hatari hiyo ni ndogo. Kwa njia yenye majina kumi hukua.

Urefu nao una neno lake. Njia yaweza kufikia baiti 4096, ilhali rundo la kazi la kiini katika mashine za x86-64 ni kilobaiti 16 tu, nalo hutumiwa na shughuli nyingine pia. Kutenga robo yake kwa taarifa moja si busara, kwa hiyo njia ndefu hukatwa. Tena mzizi si mmoja kwa wote: d_path, kazi ya siku nyingi ya kuunda njia, huhesabu kuanzia mzizi wa mchakato unaoendeshwa wakati huo, na mchakato uliowekewa mzizi wake huiona faili ile ile kwa njia nyingine.

Kazi hiyo ya d_path ina kasoro ambayo mfasiri ataiona upesi. Faili ikiwa imefutwa, huongeza mwishoni mwa njia, ndani ya mabano, neno la Kiingereza lenye maana ya "imefutwa". Lakini faili iliyo hai yaweza kupewa jina linaloishia hivyo hivyo, na msomaji hana njia ya kupambanua. Maelezo juu ya faili hayafai kushonwa katika jina lake. Mfasiri asilitafsiri neno hilo, kwa kuwa zipo programu zinazolitafuta.

Kwa mintarafu ya Kiswahili, "njia" litumike kwa mfululizo wa majina tangu mzizi, na "jina" kwa kipande cha mwisho. "Anwani" liachwe, maana limekwisha kutumika kwa kumbukumbu. Kitenzi kiwe "andika" au "chapa", si "chapisha", ambalo humpeleka msomaji kwenye vitabu na magazeti. Na %pD iliyopendekezwa ielezwe kuwa huandika "njia ya faili kama ilivyosomwa". "Njia kamili" iwekwe kwa ile iliyosomwa chini ya kufuli, bila kukatwa, kutoka mzizi uliotajwa.