Kizuri Chajiuza? Riwaya ya Upelelezi na Msomaji Makini

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umekuwapo kwa muda mrefu mgawanyo ambao haujapimwa vya kutosha. Upande mmoja huwekwa riwaya dhati, ambazo hutahiniwa shuleni na kujadiliwa vyuoni. Upande wa pili huwekwa riwaya pendwa, na hasa riwaya ya upelelezi, ambayo husomwa safarini, dukani na kitandani, kisha ikapita mkono kwa mkono mpaka jalada likachakaa. Wanaoitetea riwaya hiyo hukimbilia methali isemayo kwamba kizuri chajiuza. Wanaoibeza hujibu kwamba hata gongo hujiuza. Majibu yote mawili yanahusu soko, na hakuna hata moja linalokigusa kitabu chenyewe.

Riwaya ya upelelezi hujengwa juu ya swali moja kuu: ni nani aliyetenda? Swali hilo ndilo linalomzuia msomaji asikiweke kitabu chini. Ndilo pia linalowatia shaka wahakiki, kwa kuwa likishajibiwa hamu nayo hukoma. Kwa hiyo kipimo cha haki ni kuuliza kinachosalia baada ya jibu kujulikana. Msomaji anayeirudia riwaya mara ya pili, hali anamjua mwuaji tangu ukurasa wa kwanza, atapata nini? Akipata kitu, muda wake haukupotea. Asipopata, kitabu kimemliwaza kwa saa chache, na haifai kukidai zaidi ya hapo.

Kipimo hiki na kianzie kwa Muhammed Said Abdulla, ambaye hadithi yake ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957-58, ikachapishwa mwaka 1960 kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale. Imesemwa mara nyingi kwamba Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevishwa kanzu: ana kiko chake, ana mwandani wake Najum, na ana werevu unaowapita polisi. Hayo ni kweli, na mwandishi hakujaribu kuyaficha. Lakini kuazima si aibu katika fasihi ya pwani, ambayo imepokea mengi kutoka ng'ambo ya bahari na kuyafanya yake. La kuulizwa ni kama kilichoazimwa kimepata kazi mpya hapa.

Kazi hiyo ipo. Bwana Ali ameuawa, na maiti yake imekutwa mzimuni, mahali panapoogopwa na watu. Mpelelezi wa London hutafuta mwuaji katika mji unaokwisha kuamini kwamba yuko mwuaji. Bwana Msa anaanza nyuma zaidi: hana budi kwanza kuonyesha kwamba mkono uliotenda ni wa binadamu. Hoja yake inashindana na hofu kabla ya kushindana na mhalifu, na ushindani huo unabaki hata siri ikishafichuka. Ndivyo ilivyo pia katika Kisima cha Giningi (1968), ambayo jina lake tu linaamsha habari za wachawi katika masikio ya Mzanzibari. Pamoja na hayo imo lugha. Mazungumzo ya Abdulla yana masihara, mafumbo, kejeli na adabu za barazani. Mtu anaweza kulisahau jina la mwuaji, lakini hasahau namna watu wale walivyosemezana. Msomaji wa mara ya pili anayo ya kutosha.

Hata hivyo sifa zisizidi kiasi. Siri zinazofichuliwa na Bwana Msa aghalabu ni siri za nasaba, ndoa na urithi miongoni mwa watu wenye mali. Mapinduzi ya Januari 1964 hayawi kiini cha msuko, wala anayeishi kwa jasho katika mashamba ya wengine hapewi nafasi ya kuuliza maswali yake mwenyewe. Adam Shafi, katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), ameutazama ulimwengu wa namna hiyo kwa macho ya mtumishi. Yafaa vitabu hivi visomwe sambamba. Cha kwanza kinaonyesha akili ikitafuta ukweli ndani ya nyumba ya bwana. Cha pili kinauliza nyumba yenyewe ilijengwa kwa jasho la nani. Mwanafunzi aliyenyimwa cha kwanza kwa sababu ni cha upelelezi hataliona pengo ambalo cha pili kimeliziba.

Faraji Katalambulla aliutoa uhalifu visiwani akauleta katika jiji la Dar es Salaam. Simu ya Kifo (1965) ina polisi, mitaa na simu, chombo ambacho katika riwaya hii kinaleta hofu chumbani. Lugha yake ni nyepesi kuliko ya Abdulla, na wahusika wake hawana kina kirefu. Kinachosalia katika usomaji wa pili ni upweke wa jiji, mahali ambapo jirani hamjui jirani. Si hazina kubwa, lakini ni kitu.

Kwa Elvis Musiba mambo yamechanganyika zaidi. Katika Kufa na Kupona (1974) jasusi Willy Gamba anatumwa Nairobi kuziandama nyaraka za harakati za ukombozi zilizoibwa. Msingi huu haukutoka hewani. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963 hadi 1994, na vita vya Kusini mwa Afrika vilipiganwa pia kwa upelelezi na usaliti. Musiba alimpa kijana wa Kiafrika shujaa aliyepigania jambo la haki, wakati mashujaa wa vitabu vya namna hii waliotoka Uingereza walipigania maslahi ya dola yao. Lakini shujaa huyo hajiulizi lolote. Anaua bila kusitasita, wanawake aghalabu humzunguka kama pambo au mtego, na haki ya vita inatumiwa kuhalalisha kila tendo lake. Usomaji wa pili unaonyesha dhamira njema iliyotiwa katika chombo kilichoachwa kama kilivyonunuliwa.

Tofauti yaonekana wazi riwaya hizi zikiwekwa kando ya Dunia Uwanja wa Fujo (1975) ya Euphrase Kezilahabi. Humo pia yumo mwuaji, naye ni Tumaini. Lakini msomaji anamjua, na fumbo halimo katika jina lake. Fumbo ni jinsi mtu anavyofikishwa hapo, na kama hukumu ya kunyongwa inajibu chochote. Riwaya ya upelelezi humalizika mhalifu akikamatwa, kana kwamba jamii imepona. Kezilahabi anamwacha msomaji mashakani kama jamii yenyewe si mgonjwa. Hiki ndicho kikomo cha riwaya ya upelelezi, na mwandishi stadi wa namna hiyo hukisukuma mbele kidogo tu.

Ni lipi basi linalowapasa walimu wa fasihi? Kwanza, waache kuihukumu riwaya kwa aina yake. Abdulla hastahili kuwekwa fungu moja na kila mwigaji aliyemfuata, wala riwaya dhoofu haiponi kwa kuwa inahusu ujenzi wa taifa. Pili, wakumbuke kwamba ufasaha wa nathari haujengwi kwa vitabu vya mtihani peke yake. Wasomaji wengi walijifunza kufuata masimulizi marefu ya Kiswahili, tena kwa hiari yao, katika riwaya hizi zinazodharauliwa. Mwalimu asiyezisoma hawezi kumwonyesha mwanafunzi wake ipi ina utamu wa ulimi tu na ipi ina lishe.

Methali ina nusu ya pili, nayo husahauliwa: kibaya chajitembeza. Sokoni vyote viwili hukutana, kinachojiuza na kinachotembezwa, na mnunuzi hawezi kuvitenganisha kwa kutazama majalada. Hiyo ni kazi ya mhakiki, na haifanyiki bila kuvisoma vyote viwili mara mbili.