Sauti Masikioni: Je, Kinjeketile ni Mwendawazimu?

Mtahiniwa akikutana na mhusika asikiaye sauti, aghalabu hukimbilia sifa moja: mwendawazimu. Jibu hilo ni jepesi mno, na katika tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969), linapotosha.

Kwanza, tutenganishe dhana mbili. Katika uzungumzi nafsia, mhusika hujisemesha na anajua kuwa sauti ni yake. Katika maruerue ya sauti, mtu husikia kauli kana kwamba inatoka nje yake, ilhali hakuna msemaji. Mtahiniwa asizichanganye.

Pili, sauti peke yake haitambulishi ugonjwa. Mgonjwa wa skizofrenia huweza kusikia watu wakimjadili au wakisimulia kila atendalo. Aliyezidiwa na sonona huweza kusikia sauti za kumshutumu. Mwenye mania, yaani uchangamfu uliopindukia, zinazomtukuza. Hata hivyo, mipaka hii huingiliana. Isitoshe, mfiwa aweza kusikia sauti ya marehemu wake pasi na kuwa mgonjwa. Hivyo basi, mhakiki aulize: sauti ni ya nani? Inasema nini? Msikiaji anaichukuliaje?

Tumpime Kinjeketile kwa maswali hayo. Anapagawa na Hongo, anavutwa hadi ndani ya mto Rufiji, kisha anarudi na maji pamoja na ujumbe wa kuwaunganisha watu dhidi ya Wajerumani. Jamii yake inalielewa tukio hili kama kazi ya pepo, si maradhi. Baadaye anayatafakari maneno aliyoyatamka, kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said. Anang'amua kuwa yangewatoa mikononi mwa mtawala mmoja na kuwatia mikononi mwa mwingine. Anaanza kuishuku sauti yenyewe. Aliyezama katika maruerue mara nyingi hushindwa kufanya hivyo. Msiba wake ni kwamba neno limekwisha kuwa la watu: yeye anasita, wao wanaamini, na vita vya Maji Maji (1905-1907) vinapiganwa. Gerezani anakataa kuyakana maji, asije adui akaviambia vizazi vijavyo kuwa mapambano yale yalikuwa makosa. Huo ni uamuzi wa mtu mwenye akili timamu.

Walimu watanabahi jambo moja zaidi. Huenda darasani mna mwanafunzi asikiaye sauti, au mwenye jamaa wa aina hiyo. Neno "mwendawazimu" likiandikwa ubaoni bila ithibati, humfunza kuficha badala ya kutafuta tiba. Tuwazoeze watahiniwa kutaja tukio, kueleza sauti, ndipo watoe hukumu.