Silaha ya The Beggar's Opera ni mahadhi

Tamthilia hii ya John Gay, iliyoonyeshwa mara ya kwanza London katika ukumbi wa Lincoln's Inn Fields tarehe 29 Januari 1728, inaanza na Peachum ameketi mezani na daftari kubwa la hesabu. Anapitia majina ya wezi wake: nani bado analeta mali, nani sasa akabidhiwe mnyongaji. Enzi hizo sheria ilimzawadia pauni 40 aliyemkamatisha mnyang'anyi wa barabarani, na Jonathan Wild, aliyeneemeka kwa biashara hiyohiyo, alikuwa amenyongwa mwaka 1725. London ilimjua Peachum mara moja. Kwa hiyo mwigizaji asimkaze sura akawa jambazi wa kutisha. Apige hesabu kwa utulivu, kama mfanyabiashara yeyote anayefunga mwezi.

Hata hivyo, nguvu kubwa zaidi imo katika muziki. Gay aliandika maneno mapya ya nyimbo 69, nyingi zikiwa kwa mahadhi yaliyokwisha kuzoeleka mjini. Sikio halihangaiki kujifunza wimbo, hivyo akili yote inabaki kwenye maneno, nayo yanagongana na yale ya awali ambayo msikilizaji anayakumbuka. Kundi la mnyang'anyi Macheath linapotoka kwenda kuvizia wasafiri, linaimba kwa mahadhi ya gwaride la kijeshi kutoka Rinaldo, opera ya Handel. Wanyang'anyi wanaondoka kwa mwendo wa mashujaa. Hakuna haja ya mhusika kusimama na kueleza kwamba mwizi na mtukufu wanafanana.

Miaka 200 baadaye, mjini Berlin, Bertolt Brecht aliijenga upya tamthilia hii kama Die Dreigroschenoper, akitegemea tafsiri ya Elisabeth Hauptmann. Mtunzi Kurt Weill aliyaacha mahadhi yote ya zamani, akabakiza wimbo wa asubuhi wa Peachum tu. Kuyaacha huko hakukuiharibu kazi ya Gay. Mahadhi ya London yasingemgusa mtu wa Berlin, ila tango na jazi alizisikia kila usiku, na Weill akatunga kwa mitindo hiyo.

Mwongozaji anayeshughulika na mawigi na kanzu za karne ya 18 huku akiacha muziki usiomgusa mtazamaji wake, ameinyang'anya tamthilia silaha yake. Kabla ya kuchagua mavazi, ajue watu watakaokaa ukumbini wanaimba nini majumbani mwao. Kazi ianzie hapo.